Mkia wa Ngege

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni nakata vitunguu, machozi yananitoka kama kawaida, mjukuu wa ndugu yangu Wani akaja akasimama mbele yangu. Hajatimiza hata miaka mitatu. Aliniangalia usoni kwa muda, akaviangalia vile vitunguu bila kuvituhumu kwa lolote, kisha akatoka mbio. Aliporudi alikuwa ameshika mkia wa samaki, umetafunwa nusu, una mate na mchanga kidogo. Akanipandia magotini, akausukuma ule mkia kwenye midomo yangu.

Mama yake aliona aibu, akaja kumwondoa. Nilimwashiria amwache. Mpaka hapo nilikuwa nalia vitunguu tu, lakini harufu ya ule mkia iliponiingia puani nilianza kulia kweli, na huyo mtoto akazidi kusukuma.

Wenzangu wa rika langu, wale tuliozaliwa Uganda wazazi wetu wakiwa ukimbizini, wataikumbuka safari ya kurudi Juba. Mimi niliifanya nikiwa nimekaa juu ya gunia la masufuria kwenye lori, na kila shimo la barabara nalikumbuka kwa mgongo. Tulifikia Kator, mtaa mmoja wa Juba, kwenye nyumba ya udongo na nyasi ambayo baba alikuwa ametangulia kuijenga. Yeye alikuwa amepata kazi bandarini, akitengeneza injini za meli za mto, zile zinazosukuma matishari kwenda kaskazini. Mama alipata kipande cha shamba Gumbo, ng'ambo ya daraja, akawa anavuka asubuhi na jembe begani na kurudi na kuni kichwani. Kiswahili tulichozungumza kilikuwa cha Uganda, cha kujipatia njiani, na majirani waliobaki Juba miaka yote ya vita walikuwa wakitujibu kwa Kiarabu chao. Tulielewana hivyo hivyo.

Siku baba alipopokea mshahara, au siku wavuvi walipomwonea huruma, alirudi na samaki wamepitishiwa ukindu kwenye matamvua, wananing'inia. Watu wa Juba waliwaita bulti. Sisi tuliendelea kuwaita ngege, jina tulilokuja nalo, na mama alisema samaki mwenyewe hana shida na jina maadam sufuria iko tayari. Kichwa kilikuwa cha baba. Mama alijichukulia kipande chake, halafu mimi na Wani tuliwekewa samaki mmoja mdogo juu ya ugali, sahani moja, na hapo ndipo kesi ilipoanza.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria ya samaki. Kwanza mnakula ugali na mchuzi mpaka uishe, samaki anaachwa mwisho. Kisha mkubwa anamgawa, mdogo anachagua, na mkubwa anachukua kinachobaki. Mama alinieleza sheria hii akiwa ameshika mwiko, kwa hiyo niliielewa upesi.

"Wewe iko mkubwa," aliniambia. "Mkubwa nagawa, mdogo nachagua. Ukigawa mbaya, ile mbaya iko yako."

Nilikuwa na kama miaka saba, na Wani alikuwa na mitatu. Ni sheria nzuri sana, mpaka leo sijaona inayoizidi. Inamlazimisha anayegawa agawe sawasawa, maana akipunja anajipunja mwenyewe. Mama hakufikiria jambo moja tu, kwamba mkubwa anaweza kumfundisha mdogo kuchagua vibaya.

Sijui wazo lilinijia lini. Nakumbuka tu nikimwambia Wani, kwa sauti ya chini, kwamba samaki huogelea kwa mkia. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona kwenye beseni. Basi nguvu zote za samaki ziko mkiani, nikamwambia, na anayekula mkia atakuwa na nguvu kuliko baba, atabeba injini peke yake. Halafu nikamkata ngege wetu vipande viwili: upande mmoja tumbo lote lenye mafuta, upande mwingine mkia na miiba minne. Nikamwambia achague.

Alichagua mkia. Akautafuna mpaka ukaisha, akanionyesha msuli wa mkono wake, ambao haukuwepo. Mimi nilikula tumbo polepole na kujipaka mafuta mdomoni.

Iliendelea hivyo kwa muda mrefu. Mama, akiwa na kazi zake, aliona kitu kimoja tu, kwamba watoto wake hawagombani kwenye sahani. Alinisifu kwa jirani yetu, nami nikiwa hapo hapo nasikia. "Keji nagawa vizuri. Mtoto mdogo hata halii." Nilijisikia vizuri, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi hadi leo. Niliipokea ile sifa kabisa, nikaamini ni yangu.

Nisimseme Wani kama mtoto mjinga, kwa sababu hakuwa mjinga. Alikuwa na tabia yake. Alipokuwa mchanga kabisa, mimi nikichapwa, yeye alilia mgongoni kwa mama kana kwamba fimbo imempata yeye. Alipoanza kutembea aliacha kulia nami. Badala yake alikuja, akachomoa kidole gumba alichokuwa ananyonya na kukiingiza mdomoni mwangu, chenye mate na yote. Nilikitema na kumsukuma. Siku nyingine alikirudisha tena. Hakuna aliyemfundisha. Yeye aliona nalia, akajua dawa ya kulia ni kidole gumba, na cha kwake kilikuwa kinafanya kazi. Mimi ndiye niliyefundishwa kugawa, kwa mwiko, na nilikuwa nimeshapata njia ya kuikwepa sheria.

Yule jirani aliyeambiwa sifa zangu tulimwita Anti Roda. Hakuwa ndugu wa damu, lakini alitoka kambi ile ile ya Uganda na alirudi kwa lori lililofuata letu. Alikuwa msichana mkubwa tu, nadhani, ingawa mimi nilimwona mtu mzima kamili kwa sababu alikuwa na mume na tumbo kubwa. Alikuwa na ulimi wa utani. Alimwita Wani "mzee", akamuuliza kila asubuhi kama amelala vizuri na ng'ombe wake wanaendeleaje. Wani alimjibu kwa uzito unaostahili.

Mama yake Anti Roda alibaki Uganda. Alikuwa mzee, akasema atavuna mihogo yake kwanza kisha atakuja. Kwa hiyo Anti Roda alimjengea chumba, kilichoshirikiana ukuta mmoja na chumba chake, akakikandika mwenyewe na ule ujauzito. Mimi na Wani tulimsaidia. Alituacha tubonyeze viganja vyetu kwenye udongo mbichi karibu na mlango, akasema mama yake akija atauliza ni vya nani, na yeye atajibu ni vya mafundi.

Siku moja asubuhi lori lilisimama barabarani na dereva akaja kwa miguu hadi uani kwao. Hakukaa alipoletewa kiti. Sikusikia alichosema. Nilisikia sauti ya Anti Roda tu, sauti ambayo sikujua kama anayo, kisha mama akanivuta ndani.

Tulipokwenda kwao mchana, Anti Roda alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amenyolewa nywele zote. Wanawake walikuwa wamejaa kila mahali wamekaa chini kimya, na wengine waliokuwa wakiingia walilia kwanza mlangoni ndipo wakakaa. Hakuna aliyetueleza sisi watoto. Siku hizo watoto hawakuelezwa, walifukuzwa tu kutoka njiani.

Basi nikajieleza mwenyewe. Shuleni mtu aliyekosa aliketishwa chini mbele ya wengine, na mwenye chawa alinyolewa. Na mama alikuwa na maneno aliyoyasema kila aliponishuku: mchoyo mwisho wake anakaa chini, watu wote wanamwangalia. Nikaunganisha. Nikajua Anti Roda ameadhibiwa, tena kwa uchoyo, pengine kwa samaki. Nilijishika nywele. Nilikuwa na nywele nzuri, mama alikuwa amezisuka Jumamosi, na nilizishika siku tatu mfululizo.

Siku hizo tatu Anti Roda hakula. Hilo niliweza kulielewa, kwa sababu ndilo wanawake walilokuwa wakilisema jikoni. Walimpelekea uji, ukarudi. Chai ya maziwa ikarudi na utando juu. Mama yangu alipiga magoti mbele yake na kijiko kama anavyolishwa mtoto, Anti Roda akageuza uso ukutani, kwenye ule ukuta wa chumba kipya.

"Roda, wewe haiko peke yako humo ndani," mama alimwambia. "Iko na mtu mwingine. Yeye naye nafiwa, na yeye nataka kula."

Mama alirudi jikoni, akaliweka bakuli chini likiwa bado limejaa. Mwanamke mmoja mzee akasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba ikifika siku ya nne mtoto atakwenda. Nilidhani mtoto atakwenda safari. Lakini uso wa mama ulinitisha, na ingawa maneno hayakunielewesha, uso ulinielewesha.

Siku ya tatu mchana walitupatia watoto chakula nyuma ya jiko. Wanaume walikuwa wameleta samaki wengi kutoka mtoni, kwa hiyo mimi na Wani tulipata ngege mzima na sahani yetu. Tulimaliza ugali. Nikagawa, kama kawaida yangu. Wani akachukua mkia, kama kawaida yake. Lakini hakuula. Aliuangalia, akainuka nao, akaondoka.

Nilimwita kwa sauti ndogo, hakugeuka. Alipita katikati ya magoti ya wanawake kuelekea kwenye mkeka, na hapo nikaelewa anakokwenda. Kule kulikuwa na wanawake wote wa Kator wamekaa, na Wani alikuwa anawapelekea ushahidi. Nilimfuata nimeinama, nimeshika nywele zangu kwa mikono yote miwili.

Alisimama mbele ya Anti Roda. Yeye alikuwa amekaa na Wani alikuwa amesimama, kwa hiyo nyuso zao zilikuwa sawa.

"Mtoe huyu mtoto," mtu mmoja alisema.

Wani alimnyooshea mkia. "Anti, kula. Hii iko na nguvu."

Anti Roda hakusogea. Wani alingoja kidogo, akaona huenda hajaelewa, akamweleza vizuri zaidi. "Nguvu ya samaki yote iko hapa. Keji alisema. Keji nanipa mimi kila siku, yeye nakula tumbo tu."

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Anti Roda aliuangalia ule mkia, miiba minne na ngozi iliyokauka, akaniangalia mimi nyuma ya Wani. Aliniangalia kwa muda mrefu. Alielewa kila kitu, nililiona hilo wazi, na nilingoja aseme ili waje na wembe.

Kitu kikaanza kumtikisa mabega. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, vyote viwili kwa pamoja, mpaka mwanamke aliyekaa naye akamshika mgongo. Alipotulia alipokea mkia kwa mikono miwili, jinsi unavyopokea kitu kwa mkubwa. Akauingiza mdomoni. Akatafuna, na nyumba nzima ilisikia miiba ikivunjika.

"Ni kweli, mzee," alimwambia Wani, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Iko na nguvu."

Halafu akaomba maji. Baada ya maji akaomba mchuzi. Wanawake waliinuka kwa pamoja wakagongana, mama akawa wa kwanza kufika na bakuli, na kwa haraka yake akamwaga nusu kwenye mkeka. Hakuna aliyenikumbuka. Niliachwa nimesimama pale na nywele zangu zote kichwani, na kwa mara ya kwanza nilitamani mtu aniadhibu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipolifahamu lile alilonifanyia Anti Roda. Alikuwa katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake, ana neno moja tu mdomoni la kunimaliza, akalimeza pamoja na mkia. Na alilimeza kwa ajili ya Wani pia, ili asijue kwamba zawadi aliyoileta ilikuwa takataka. Nimeona watu wakitoa vitu vikubwa. Sijaona aliyepokea vizuri kama yeye.

Wiki iliyofuata baba alileta ngege tena. Nilikuwa nimeshaamua. Nilimkata samaki kama nilivyozoea, na kabla Wani hajanyoosha mkono nikaunyakua mkia. Nilimsogezea tumbo lote. Nilitaka kumlipa, ndivyo nilivyofikiri, samaki wengi kama wale niliomlia.

Wani aliliangalia lile tumbo lenye mafuta, akaniangalia mimi na mkia wake mkononi, akaangua kilio ambacho nadhani kilisikika bandarini. Mama alitoka jikoni. Aliona mkubwa amechagua kwanza, mdogo analia, sheria imevunjwa. Mwiko ulinipata begani mara mbili.

"Nakuwa mchoyo sasa? Mbele ya macho yangu?" Akauchukua mkia kutoka mkononi mwangu na kumrudishia Wani. "Khalas, basi. Wewe leo hakuna samaki."

Siku zote nilizomwibia ndugu yangu nilisifiwa, na siku moja niliyotaka kumrudishia nilichapwa. Na sikuweza kujitetea bila kusema yote. Nilikaa chini nikalia, nikalia kwa bega, kwa aibu, na kwa Anti Roda ambaye mama yake hatakuja kuuliza viganja ni vya nani. Nilikuwa nimeshaelewa kufikia hapo. Mama alikuwa amenieleza hatimaye kwamba watu wazima nao wana mama, na kwamba mama hao wanakufa.

Wani aliacha kulia. Alikuwa na mkia mkononi, ushindi wake wote. Aliuuma kidogo pembeni, kwa sababu alikuwa mtoto na alikuwa na njaa. Kisha akauondoa mdomoni, akanisogelea, akausukuma kwenye midomo yangu.

"Maalesh, Keji," alisema, pole ya Kiarabu cha majirani. "Kula. Wewe nalia, wewe kula nguvu."

Nilikula. Miiba ilinichoma ufizi. Mama alikuwa bado amesimama pale, na mwiko ulikuwa umeshuka. Akatuangalia sisi wawili, akaliangalia tumbo la samaki ambalo hakuna aliyeligusa, na naamini hapo ndipo alipokumbuka maneno ya Wani kule matangani, "yeye nakula tumbo tu." Alichuchumaa, akaligawa lile tumbo kwa vidole vyake vipande viwili sawasawa, akatuwekea kila mmoja mbele yake, akarudi jikoni.

Jioni hiyo nilimnong'oneza Wani ukweli. Nilimwambia tumbo ndilo tamu, mkia hauna kitu, nilimdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa na kucheka. Alidhani nataka kumnyang'anya mkia.

Hajaniamini mpaka leo. Mtoto wa Anti Roda alizaliwa salama, msichana, akakaa katika kile chumba cha bibi yake, na mimi nilimbeba mgongoni mpaka akawa mzito. Wani alikua, akaoa, akapata watoto, na nywele zake sasa ni nyeupe. Nilimweleza tena siku ya harusi yake mbele ya mashahidi, akawaambia watu kwamba dada yake anapenda mizaha. Kila samaki akiwekwa mezani anatafuta mkia. Amewafundisha watoto wake, nao wamewafundisha wa kwao, na ukija nyumbani kwetu siku ya samaki utakuta kizazi kizima kinagombania miiba minne, na tumbo linabaki kwenye sahani linapoa. Na mtu akifiwa, au akiugua, au akirudi kutoka mjini amekata tamaa, huwa anawekewa mkia bila kuulizwa.

Kwa hiyo juzi, huyo mtoto aliponipandia magotini, alikuwa ameniletea kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Uongo ni wangu mimi. Hicho walichokifanya nao sikuwafundisha mimi.

Nilifungua mdomo. Nilitafuna mchanga, mate, miiba na yote, na yeye akanikazia macho aone kama dawa inaingia.

"Ni kweli," nilimwambia. "Iko na nguvu."